Kiti cha Nyuma na Kurasa za Kompyuta

Makole,
Dodoma.
Jumamosi, 6 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Ruthu,

Shikamoo. Leo naomba unisamehe nivuruge utaratibu wa barua, maana nikianza na salamu kama ulivyonifundisha nitafika mwisho wa ukurasa bado nasalimia, na ujasiri utakuwa umeniishia. Kwa hiyo naanza na hili: mimi ndiye Kiti cha Nyuma. Nyumbani sijawahi kumwambia mtu. Wachache wanaojua ni wa nje, nao wamejua juzijuzi tu.

Haya, nimelitoa. Sasa shikamoo tena, kwa utulivu. U hali gani huko Mpanda? Mgongo umepoa au bado wanakusimamisha wodini mchana kutwa? Sisi ni wazima. Mama anakwenda Makutupora kuvuna zabibu, jioni anarudi mikono inanata na nyuki wanamsindikiza mpaka mlangoni. Baba yuko kwenye ujenzi kama kawaida, na kaka Ignas siku hizi anambebea tofali. Upepo wetu unaujua, tunafagia vumbi asubuhi na mchana limerudi.

Sasa hicho kiti. Kwenye mtandao kuna kamusi elezo ambayo kila mtu anaisoma bure na kila mtu anaruhusiwa kuiandika. Ipo ya Kiswahili pia. Wanaoiandika hawalipwi hata senti. Kuna mwalimu wa Iringa, kuna mama mwenye duka la dawa Tanga, na kila mmoja anatumia jina alilojichagulia. Mimi nilichagua Kiti cha Nyuma kwa sababu ndipo ninapokaa darasani, na napapenda. Unanijua, Shangazi. Mgeni akija naleta maji halafu napotea. Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, sauti ndiyo sina.

Nilianza bila kupanga. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, tukafika sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, na somo la kompyuta watu wakawa wanalikariri kama kwaya. Mimi nikawa nikifika nyumbani naligeuza kwa Kiswahili ili nilielewe, kwa kompyuta hiyo hiyo uliyoniletea. Siku moja nikakuta ukurasa wa kibodi kwenye kamusi elezo, umeandikwa ovyo, na juu yake pameandikwa "Hariri". Nikabonyeza, nikarekebisha sentensi moja. Nikakaa nasubiri polisi. Hawakuja.

Tangu hapo sijaacha. Kibodi, skrini, programu, kirusi cha kompyuta, nywila. Na nina namna yangu ya kufanya kazi: nikimaliza ukurasa namsomea Ignas, namdanganya kuwa ni homwoku. Akisema "enhee, ikawaje?" najua ameelewa. Akisema "sawa" tu, najua hajaelewa kitu, nafuta naanza upya. Ukurasa wa hifadhi ya kompyuta ulinitesa sana. Alisema "sawa" mpaka nikachoka, ndipo nikaandika hivi: hifadhi ya kudumu ni kama stoo ya fundi ujenzi, vitu vinakaa humo hata akienda kulala, kumbukumbu ya muda ni kama karai, linabeba tu udongo wa kazi anayoifanya sasa hivi, na jioni linaoshwa. Ignas akaruka: "Enhee! Sasa karai likijaa?"

Kwa nini nilificha? Unakumbuka siku ulipoileta kompyuta. Ignas alikuwa ndiyo kwanza ameacha shule kwa sababu ya kubeti kwenye simu, na Baba alikuwa hataki kuona kitu chochote chenye kioo. Alisema mbele yako: "Hii ni ya masomo. Siku nikikuta kingine humo, inarudi kwa dada." Nami sikuweza kumweleza kwamba kuandika bure kwa watu nisiowajua si kubeti. Kwa hiyo kila nikisikia hatua mlangoni nafunika ukurasa kwa notsi za kemia. Baba anaamini mimi napenda kemia kupita kiasi.

Basi, mwezi uliopita nafungua nakuta kila ukurasa wa kompyuta una tangazo jekundu juu: umependekezwa kufutwa. Aliyeliweka anaitwa Castory, ni mkabidhi, yaani mmoja wa wale walioaminiwa na wenzao kufuta kurasa na kufungia watu. Na hakuwa na uongo. Kuna mtu alimwaga humo kurasa nyingi zilizotafsiriwa na mashine bila kuzisoma, na Castory alichoka kuzikagua moja moja, akaamua zote ziende. Zangu zilikuwa kwenye kapu hilo hilo.

Desturi yao ni hii: pendekezo linakaa juma moja kwenye ukurasa wa majadiliano, kila mwenye maoni anaandika na kuweka sahihi. Wote wakinyamaza, ni kukubali. Na wote walikuwa wamenyamaza, maana mambo ya kompyuta hayana wapenzi kama mambo ya mpira. Shangazi, mimi sikuwahi hata siku moja kuandika kwenye majadiliano. Kuhariri unafanya peke yako, hakuna anayekutazama. Kujadili ni kusimama mbele za watu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Napinga. Nipeni muda nitazitengeneza." Nikaweka sahihi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kifurushi changu cha intaneti kiliisha, nikaenda steshenari ya Mzee Praful, baba yake Usha ninayesoma naye, kuchapa kazi ya shule. Nikaona kompyuta iko wazi, nikasema ngoja niongeze sababu. Nikaandika: "Kurasa hizi zinahitajika sana mashuleni. Zisifutwe." Nikatuma, nikaondoka zangu kwa furaha. Sikuwa nimeingia kwa jina langu. Usipoingia kwa jina, mfumo unaweka namba ya mtandao unaotumia. Kwa hiyo ikaonekana kuna mtu wa pili, asiye na jina, naye wa Dodoma, anakubaliana na Kiti cha Nyuma.

Kwa watu hawa hakuna kosa baya kama hilo. Mtu mmoja kujifanya wawili ni kama kupiga kura mara mbili: unafungiwa, na kazi yako yote inaanza kutiliwa shaka. Castory akaandika mbele ya wote: "Mzee Kiti, nilikuwa nakuheshimu. Mtu mzima unajipigia makofi mwenyewe? Jumamosi tuna kikao cha sauti. Njoo ujieleze, au zote nazifuta na wewe nakufungia."

Mzee Kiti! Nililia bafuni, nikafungulia bomba wasinisikie. Halafu likanijia wazo tamu: nisiende. Hakuna anayejua Kiti cha Nyuma ni nani. Nikinyamaza, kinakufa chenyewe, mimi naendelea na kemia yangu. Siku mbili nilikaa na wazo hilo na wala sikuigusa kompyuta. Aliyenitoa humo ni Ignas bila kujua. Tulikuwa tunachambua mchicha, akasema: "Sido, mbona hunisomei tena? Ile ya kirusi uliishia patamu."

Shangazi, kaka yangu aliyesema shule imemshinda alikuwa anasubiri muendelezo wa somo la kompyuta.

Jumamosi ile nikaenda kwa Mzee Praful kwa sababu mtandao wake haukatiki. Dukani watu wamejaa, mmoja anataka kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, mwingine picha za pasipoti. Nikavaa spika za masikioni. Kikao kikaanza, wakajitambulisha, ikafika zamu yangu, nikafungua mdomo. Kimya. Castory akasema: "Ndugu Kiti, hatukusikii. Umezima kipaza sauti." Kumbe kweli nilikuwa nimekizima. Nikakiwasha, na bado sauti haikuja.

Mwenye cheti akapaza sauti: "Mzee, mimi naondoka, kopi moja tu nusu saa?" Mzee Praful akamjibu: "Subiri wewe! Huoni mtoto anaongea na dunia?" Duka zima likageuka kunitazama. Nami nikaona kwamba aibu yote niliyokuwa naikimbia imeshanipata, imekwisha, sina tena cha kuogopa. Nikasema: "Shikamooni. Mimi ni Sidonia, nipo kidato cha tatu."

Yule mama wa Tanga akacheka mpaka akakohoa: "Castory, mzee wako huyo! Kumbe binti!" Castory akajikohoza, akaitikia: "Marahaba... marahaba, mwanangu."

Nikaeleza. Namba ile ni mimi, nilisahau kuingia kwa jina, naomba maneno yale yapigwe mstari, yasihesabiwe. Na kuhusu kurasa nikasema Castory ana haki, nyingine ni takataka, na nikawasomea moja: "Ubao wa funguo ni kifaa cha pembejeo." Mama wa Tanga akauliza: "Pembejeo gani, mbolea?" Wakaangua kicheko, na hata mwenye cheti, aliyekuwa anasikia sauti yangu tu, akacheka kwa hiyo pembejeo. Kisha nikawasomea wangu wa hifadhi, na stoo yake na karai lake. Nilisoma mpaka mwisho, Shangazi, kwa sauti yangu hii hii, na haikupasuka.

Castory akasema: "Karai. Hapo hata bibi yangu angeielewa kompyuta." Kisha akasema maneno niliyoyaandika kwenye kiganja ili nisije nikafikiri niliota: "Naondoa pendekezo." Tukakubaliana kila ukurasa wa mashine uandikwe upya kabla ya kupewa nafasi, na wakaniuliza mimi kama nitakuwa mlezi wa kurasa zote za kompyuta. Mimi! Nikasema ndiyo kabla woga haujaamka. Nilipovua spika, Usha alikuwa amesimama nyuma yangu, akanipiga mgongoni: "Sido we! Na darasani unajifanya bubu!" Mzee Praful akanipa soda baridi. Mwenye cheti akapata kopi yake na kunipungia mkono.

Mpaka Jumatano tangazo jekundu la mwisho lilikuwa limetoka. Juzi mwalimu wa kompyuta aliuliza kazi ya kumbukumbu ya muda, na mkono ulionyooka kutoka nyuma kabisa ulikuwa wangu. Darasa liligeuka kana kwamba meza imeongea.

Limebaki moja tu. Kompyuta iko mezani hapa ninapoandika, ukurasa wa hifadhi umefunguka, na Baba hajui lolote. Leo Jumamosi anatoka kazini mapema.

Nasikia hatua. Ni zake, anakung'uta saruji kwenye viatu pale barazani kama anavyofanya. Notsi za kemia ziko chini ya kidole changu, kubonyeza mara moja tu. Shangazi, sibonyezi. Anafungua mlango.

Nimerudi kwenye barua. Nitakueleza kama ilivyokuwa. Aliingia, nikamwamkia, akaitikia, akatazama kioo. Akasema: "Hiyo si kemia." Nikasema hapana, Baba. Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kusoma polepole kidole kikiwa chini ya mstari. Unajua simu yake kila siku inamwambia imejaa, naye anafuta picha za nyumba alizojenga huku roho inamuuma. Akafika kwenye stoo, akatua. Akafika kwenye karai, akalirudia mara mbili.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi, Baba."

"Na watu wanasoma?"

"Wanasoma. Mpaka Tanga."

Akamwita Ignas kwa nguvu: "Njoo uone, karai letu limeingia kwenye mtandao!" Ignas akaja, akasoma kidogo, akanigeukia akiwa amekodoa macho: "Wewe! Si ulisema homwoku?" Sasa wamekaa pale wanabishana kama simu ya Baba inakosa stoo au inakosa karai. Ignas ndiye anayemfundisha, na anamfundisha sawasawa.

Msalimie sana binamu Iddy na umwambie madaftari yake ya zamani bado nayatumia. Wasalimie wenzako wote wa wodini. Bibi wa Kibakwe alipita juzi na karanga, anauliza utakuja lini. Nakutumia kidogo pamoja na zabibu kavu za Mama kwa mkono wa Frank, anayeleta lori huko. Mungu akushike mkono kila unapoingia zamu, na wagonjwa wako waamke na nafuu.

Nilitaka kufunga hapo, ila Baba amesikia kwamba nakuandikia wewe, na ameniambia niongeze maneno yake kama alivyoyatamka: "Mwambie dada, kompyuta hairudi."

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na ambaye safari hii hakujificha,
Sidonia (Kiti cha Nyuma)