Upande wa Pili wa Kanda Yako

Liuli, 14 Agosti 2002

Kaka Dastan,

Shikamoo. Huku dagaa wa usipa wamejaa ziwani, na wenzako wa kwaya wanakusalimia.

Kanda ya albamu yako ya kufokafoka, uliyoihangaikia studio miaka yote ile, ilifika kwa basi la Mbinga. Unakumbuka Baba alipokuwa kwenye mashamba ya chai Mufindi? Kanda yake ikija, upande wa kwanza ni salamu zake, upande wa pili tunajibu sisi, wote tumeizunguka redio, wewe ukigombania kuongea. Basi Mama akadhani na yako ni vivyo hivyo. Alisikiliza upande wa kwanza wote akisubiri umsalimie, kisha akaziba matundu ya kanda kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa, na kurekodi jibu juu ya nyimbo zako za upande wa pili. Nilicheka mpaka machozi.

Wiki iliyofuata alipata kiharusi. Anakula, anatutambua, ila maneno hayatoki.

Kwa hiyo nakurudishia kanda. Nyimbo zako zimejaa madukani huko, lakini hii usiifute. Humo Mama anasema, "Mwanangu, nimekusikia, ila unaongea haraka mno. Umetaja watu wengi. Mbona hujasema unakuja lini?" Halafu ananyamaza, na kanda inazunguka mpaka mwisho, akikusubiri ujibu.

Mdogo wako,
Rosina