Ukurasa Niliokuachia

Kaka yangu,

Simu ikianza kukusomea barua hii, ipunguze sauti. Sitaki mama asikie kwamba bomba la jikoni kwangu limepasuka tena.

Sasa sikiliza. Ule mwongozo wa programu ya kompyuta mnayoiunda kwa kujitolea, unaoandikwa na kompyuta yenyewe, nimeusafisha! Siku ile simu ilipokusomea "nyota, nyota, mstari, nyota," badala ya maneno, uliitupa kitandani ukasema macho yamekwenda, na kazi imekwenda. Nilikasirika mno, nikaufungua mwongozo huo usiku uleule.

Nimefuta alama zote zilizozagaa, nimeunga majedwali yaliyokatika, kisha nikafumba macho nikausikiliza mwanzo hadi mwisho. Unasikika kama mtu anaongea. Msimamizi wenu, yule mgumu wa kusifu, kaupokea bila kugusa hata nukta, akauliza nani kanifundisha. Nikakutaja wewe, kifua mbele.

Ukurasa mmoja tu sikuugusa, ule wa sehemu ya programu uliyoiunda wewe. Bado umejaa nyota. Wenzako walitaka kuusafisha, nikawaambia wauache, mwenyewe yupo.

Ni mimi, mdogo wako mbishi.