Mlango Mpya wa Bafuni

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Baridi ya huko imepungua? Na kile kifua kimepona, au bado unajitia ushujaa na kutoka bila sweta? Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri na mkono wake wa kushoto sasa unashika kikombe, ingawa mguu umekataa katakata. Mimi ni goti tu, na kwa umri wangu ningeshangaa lisiponiuma.

Uliuliza ukarabati umefikia wapi. Nilimpata fundi mmoja, mwanamke, ambaye mtaa mzima humwita Fundi Futi kwa sababu hapiti penye ukuta bila kuupima. Siku ya kwanza hakutoa hata penseli. Aliazima kiti cha magurudumu cha Baba, akakikalia, akazunguka nacho nyumba nzima. Alikwama kwenye mlango wa jikoni. Swichi hakuzifikia. Aliponasa kwenye kizingiti cha sebule akasema nyumba hii ilijengwa na mtu aliyedhani hatazeeka. Baba, ambaye ndiye aliyeijenga, alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike Mama, miaka miwili sasa.

Basi vizingiti vyote vimeondoka. Swichi zimeshushwa, soketi zimepandishwa. Dirisha la sebule limeteremshwa hadi usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na jingine limefunguliwa ukuta wa pili, kwa hiyo upepo unapita moja kwa moja na feni imebaki pambo.

Mbao mpya alikataa kununua. Alilifumua kabati la nguo la Mama, akazipiga mbao randa na msasa, zikawa meza ya jikoni ambayo kiti cha Baba kinaingia chini yake bila taabu. Ni meza nzuri sana. Ila nikikata vitunguu pale hujikuta nageuka, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu akitafuta nguo zake.

Kazi ilikuja kukwama bafuni. Unajua tulivyoambiwa: Mama aliteleza, akaanguka nyuma ya mlango, na kwa kuwa mlango ulifunguka kwa ndani, mwili wake uliuzuia mpaka majirani walipouvunja. Baba aliurudisha mwenyewe kwenye bawaba zake, wakati ule bado ana nguvu, kabla ya kiharusi. Fundi Futi alitaka autoe, aweke unaosukumwa pembeni kwenye reli, upande wa nje, ili mtu akianguka ndani asiuzuie. Baba akasema usiguswe. Tangu augue alikuwa hajaingia humo. Nilikuwa namwogesha chumbani kwa beseni.

Kuna jambo jingine sikuwahi kukueleza. Kila siku saa nne asubuhi Baba huzima redio, akageuza kiti kutazama ukumbini, akakaa hivyo kama robo saa. Mwanzoni nilidhani umeme umekatika. Baadaye nikadhani ni ugonjwa. Hata Fundi Futi alizoea. Ikifika saa nne alikuwa anaweka nyundo chini bila kuambiwa. Basi tunakaa watatu, vumbi linaelea, kama watu wanaosubiri mtu amalize kuoga. Na siku moja, mdogo wangu, nilisikia kitu. Labda ni bomba. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, robo saa ilipokwisha, Baba aliniita nikae karibu naye.

"Siku ile mama yenu aliniita," akasema. "Mara mbili. Tulikuwa tumegombana asubuhi, nikadhani anataka taulo. Nikaongeza sauti ya redio."

Nilimuuliza ni muda gani ulipita. Akasema mpaka taarifa ya habari ya saa nne ilipokwisha. Kabla ya kuuliza la pili nikainuka. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliporudi alikuwa palepale.

"Mwandikie mdogo wako," akasema. "Kwa simu nitashindwa. Halafu mwambie fundi autoe."

Ndiyo sababu unapata barua. Wewe ulinilaumu kwamba niliahidi kufika asubuhi ile nikafika mchana. Sikukujibu, kwa kuwa nami nilikuwa nikijilaumu vilevile. Sikuandikii ili nijitoe lawamani. Ningefika asubuhi ningesikia.

Mlango ulitolewa Ijumaa. Mpya unateleza kwa kidole kimoja. Ndani kuna vishikio ukutani, kiti cha kuogea, na vigae visivyoteleza hata vikilowa. Jana Baba aliingia peke yake, lakini aliniomba nikae ukumbini nizungumze. Nizungumze nini? Akasema chochote. Nikamweleza bei ya nyanya, ugomvi wa majirani juu ya uzio, na jinsi ulivyowahi kujificha ndani ya pipa la unga. Kila nilipokaa kimya kidogo tu, aligonga ukuta. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka.

Alipotoka, nywele zinachuruzika maji, aliniuliza kama utamsamehe. Nikamjibu sijui. Kuhusu mimi hakuuliza, na nilimshukuru kwa hilo, maana ningelazimika kumjibu.

Msalimie sana wifi yangu, na pacha wote wawili. Waambie shangazi yao anataka picha ambayo hawajakunja sura. Shangazi yetu mkubwa anakusalimu. Fundi Futi naye anakusalimu, na anauliza urefu wako, eti hapangi rafu za chumba cha wageni kwa kukisia.

Mungu awafunike huko mliko, akupe na moyo mpana.

Mwandikie Baba. Kama huna la kumwambia, mweleze hali ya hewa tu. Nitamsomea.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.