Kindi mu Kitenge ya Mama

Bunia, tarehe 14 novemba 2024

Mupendwa Mama Mudogo Séphora,

Jambo sana. Habari ya afya kule Mambasa? Ile kikohozi ya watoto imepita? Siye huku tuko wazima, tunakula, tunalala. Tangu tumuzike mama, miye sijalia hata mara moja. Watu wananiangalia.

Sasa sikia! Kindi ameingia mu chumba ya mama. Alitoka ku muti ya avoka nyuma ya nyumba, akapita chini ya mabati. Ni ule mudogo mwenye mistari ku mbavu, si ule mukubwa kama paka wa mu pori yenu. Na ule anayeruka na ngozi kati ya miguu? Nilisoma ku telefone: eti si kindi wa kweli, ni jamaa ya mbali tu!

Meno yake ya mbele inaota maisha yote, njo maana anaguguna kila kitu. Ku ukuta anashuka kichwa chini, anageuza miguu ya nyuma kama mutu amevaa viatu kinyume. Mukia inamusaidia asianguke.

Mama mudogo, ameguguna ile kitenge ya kijani, ile mama aliacha ku kiti. Alipasua pembe moja, akaleta majani, akafanya kiota. Ndani iko watoto wawili, bila manyoya, macho imefungwa.

Jumamosi tunamaliza matanga, nguo za mama zitagawanywa. Ile kitenge ni yako, weye dada yake. Tantine Faida, dada ya baba, alitaka kuikung'uta inje.

— Weye Néhémie, unafuga panya mu nguo ya marehemu?

— Si panya, tantine! Angalia mukia!

— Ni panya tu, amepachika meshi ya kusuka nywele ku matako!

Wote wakacheka. Na miye nikacheka, lakini ndani sikusikia kitu.

Tukiwatoa sasa watakufa. Tantine anasema mwenye kitenge ndiye ataamua. Simu yako haipite, kwa hiyo namupa Yves wa pikipiki hii barua. Atarudi mbele ya jumamosi. Nakuomba useme iachwe pale, mupaka wafungue macho.

Leo asubui mama yao alitoka kutafuta chakula. Nikatia mukono pole pole chini ya kitenge. Nilifikiri itakuwa baridi, kama vitu vyote vya mu ile chumba. Ilikuwa na joto. Niliacha mukono pale mupaka kindi mwenyewe akarudi kunipigia kelele.

Unisalimie Baba Anaclet na Tina. Mungu afunike nyumba yenu usiku na muchana.

Mutoto wako akupendaye, anayengoja neno yako,

Néhémie