Koki Niliyoipiga Kufuli

Jumanne, usiku

Na bado nasema Salum ndiye aliyeanza.

Leo nimewafundisha kidato cha sita vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: meli za Kaskazini zilivyoziba bandari za Kusini, pamba isitoke, chumvi isiingie, uchumi ufe. Nikasema ni mbinu nzuri, haimwagi damu nyingi. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani majenerali nao walikosa chumvi?" Nikamjibu kwenye mtihani hilo haliulizwi. Limenikera mpaka nafika nyumbani, Mtoni.

Koki ya maji iko upande wangu wa nyumba. Tangu juzi nimeipiga kufuli, mpaka mdogo wangu Salum akubali tugawane uwanja. Mama anakaa upande wa Salum, najua. Nilidhani Salum atasalimu amri mapema.

Jioni nimemkuta Salum barazani, msafi, shati limepigwa pasi. Kumbe anaogea kazini.

Sijakaa vizuri, nikasikia mlangoni: "Hodi." Mama, kashika ndoo tupu.

"Samahani mwanangu. Naomba maji kidogo tu, ya kutawadhia."

Nyumba hii kaijenga yeye, kwa vitumbua. Leo kaipigia hodi.