Santuri ya fidla kliniki ya meno

Shoga, uko? Daktari leo amewakimbiza wagonjwa. Mbio!

Unamjua mume wangu huyo na santuri zake. Hii ya fidla ameitafuta miaka sita, muziki ule wake usio na wimbo wala mdundo. Imefika asubuhi, akashindwa kungoja jioni. Akaibeba na gramafoni mpaka kliniki, akaiwasha mle mle anamotibu watu, akafunga mlango.

Ndani alikuwa na mwalimu mmoja, anasafishwa meno. Kusafishwa tu, shoga.

Huku kwangu mapokezi benchi limejaa, watu saba. Fidla ikaanza kupiga mayowe kama mtu anang'olewa jino bila ganzi. Halafu kimya. Halafu tena, juu zaidi. Baba mmoja akaniuliza, "Huyo bado yuko hai?"

Nikamwambia ni muziki. Akanitazama. Akachukua kofia yake, wenzake wakamfuata.

Mara mlango ukafunguka, mwalimu akapita mbio, kitambaa bado kiko shingoni. Nyuma yake daktari, machozi ya raha yanamlengalenga. Benchi tupu. Amebaki bibi mmoja tu, shavu limevimba.

Ungeuona uso wa daktari ulivyochangamka! Akachuchumaa mbele ya yule bibi. "Bibi, kumbe umeupenda muziki?"

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu. Masikio yangu yalishakufa. Ni zamu yangu?"

Daktari akamshika mkono taratibu, akamkalisha kitini, akairudisha santuri mwanzo.