Karatasi Mbili za Kishikwambi

Ujiji,
Jumapili, tarehe 8 Juni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote bila kuficha, hata lile ambalo Shangazi amenikataza kuliandika. Habari za hapo nyumbani? Mama kikohozi kimemwachia? Na ule mtumbwi mkubwa uliokuwa unauunda nilipoondoka, umeshashushwa majini? Sisi huku tu wazima.

Baba, ile namba niliyokutumia si sahihi. Nilikuandikia kwamba kishikwambi changu cha kusomea kiwe cha inchi nane. Tafadhali, usimwache baba mdogo Shabani apande treni kwenda Dar es Salaam na namba hiyo mfukoni. Kitu kama hiki kwetu kinanunuliwa mara moja tu, na aliyekosea ni mimi.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa Bailojia ana kishikwambi alichopewa kazini, na wakati wa mapumziko hutuachia tusome. Kama hicho ndicho nilichokitamani. Basi nikaazima futikamba ya Shangazi, nikapima kioo chake kwa upande mrefu, kama tunavyopima kitambaa hapa barazani: inchi nane na kidogo. Nikakuandikia nane. Shangazi naye hakungoja. Alichukua vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye shati lako la Idi, akashona mfuko wa kipimo hicho hicho, akaongeza nafasi ya ukingo, kishikwambi chenyewe kikiwa bado dukani.

Alhamisi alinituma Kigoma mjini na huo mfuko, niununulie zipu. Nilikwenda na Esperansi, yule ninayekaa naye dawati moja, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na sasa wanaishi Buzebazeba. Tulipita kwenye duka la simu, nikaomba nionyeshwe cha inchi nane. Muuzaji akanipa. Nilipokiingiza kwenye mfuko kikazama kama mtoto kwenye koti la baba yake.

"Kaka, hiki si cha nane," nikamwambia.

"Ni cha nane. Wewe umepimaje?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alicheka mpaka akashika meza. "Dada, hii si khanga! Kioo kinapimwa kona kwa kona."

"Twende sha, umeshatutia aibu," Esperansi akaninong'oneza, kwa ile sha ya kwao ya kumwita rafiki, akinivuta sketi. Lakini miguu yangu haikutaka kutoka. Nilikuwa nakufikiria wewe na ile namba.

Kumbe cha mwalimu ni cha inchi kumi! Niliporudi na kumweleza Shangazi, aliweka mkasi chini. "Kona kwa kona! Ningewapimia watu nguo hivyo, si mji mzima ungetembea upande?"

Pale dukani muuzaji, alipopunguza kucheka, alikuwa mtu mwema. Alituwekea cha nane na cha kumi mezani akatufungulia kitabu kilekile kwenye vyote viwili. Sitaki kukidharau kile kidogo, baba. Ni chepesi, unakishika kwa mkono mmoja, na kwenye begi hakisumbui. Kwa hadithi kinatosha kabisa. Lakini tulipofika kwenye mchoro wa moyo, majina ya mishipa yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Ukiyakuza, nusu ya moyo inatoka nje, na inabidi uuvute kwa kidole huku na huku. Kile kikubwa kilionyesha moyo mzima, na mimi na Esperansi tulisoma pamoja bila kugongana vichwa. Ubaya wake ni uzito. Esperansi alikiinua juu ya uso kama mtu aliyelala kitandani, kikamponyoka na kumgonga pua. Muuzaji akaacha kucheka.

Sasa lile nililokatazwa. Shangazi anasema mtoto hamwambii baba yake, "Macho yako yamechoka." Nisamehe. Likizo iliyopita ulinipa karatasi ya daktari wa mama nikusomee, ukasema mikono yako ina lami ya mtumbwi. Mikono ilikuwa safi, baba, niliiona. Kwenye ubao wa mtumbwi ulimwita Zuhura akupigie mstari wa chaki. Na barua yako ya mwisho ina maneno yako, lakini mwandiko ni wa huyohuyo mdogo wangu.

Dukani yule muuzaji alikuza maandishi kwa vidole viwili. Kwenye kidogo maneno matatu yalijaza mstari. Kwenye kikubwa maneno manne yalikaa, makubwa kama yale unayochora ubavuni mwa mitumbwi. Nikajua kwamba mimi nikiwa likizo, hicho ungeweza kukishika na wewe.

Kwa hiyo ndani ya barua hii nimeweka karatasi mbili, nilizozikata kwa kufuata vile vishikwambi vya dukani. Kwenye kila moja nimeandika sentensi ileile, kwa herufi za ukubwa niliouona kioo kikionyesha ukurasa mzima. Zishike kwa umbali unaoshikia vitu siku hizi, usizisogeze kwa ajili yangu. Ile utakayoisoma mpe baba mdogo, aende nayo dukani Dar es Salaam. Usipoweza kusoma hata moja, mpe kubwa, maana kwenye kishikwambi hicho herufi zinaweza kukuzwa zaidi. Atapita hapa Ijumaa akielekea stesheni, nami nitamngoja mlangoni.

Nisalimie mama, na bibi msalimie kwa Kiha, mwakeye. Mwambie Zuhura ubao wake wa chaki ninao bado. Mwalimu wa madrasa mpe salamu zangu za heshima. Shangazi anakusalimu, anasema mfuko wake haukukosea.

Mungu akuwekee mikono na macho yako.

Mwanao,
Rehema

Sikusahau kuuliza hili, ila niliogopa kuliweka katikati. Zuhura, kama ni wewe unayesoma, usiruke hapa, soma kwa sauti. Baba, nijibu kupitia baba mdogo: barua hii umeisoma mwenyewe?